Asunaro: msaiprasi wa Kijapani unaostahimili kivuli

Kabla ya lolote, tazama upande wa chini wa tawi la mti huu. Unaona yale mabaka meupe pe, yamezungushiwa ukingo wa kijani kama bapa la shoka? Hicho ndicho kitambulisho chake. Jina la kisayansi ni Thujopsis dolabrata, na dolabra kwa Kilatini ni aina ya shoka. Wajapani wanauita asunaro, au hiba. Ukiwa kitaluni, geuza tawi kwanza. Tuja, mti mwingine wa jamii ya msaiprasi, inafanana nao sana kwa mbali, lakini majani yake ni membamba na weupe wake si mkali hivi.

Huko kwao una heshima: katika bonde la Kiso ni mmoja wa miti mitano iliyopigwa marufuku kukatwa enzi za Edo (1603 hadi 1868), na mkoa wa Aomori unajulikana kwa mbao zake, ambazo haziozi upesi.

Sasa, kivuli. Sifa hii ni ya kweli, ila inaeleweka vibaya. Mti unavumilia kivuli kizito, lakini hauvumilii ukame. Ukiupanda chini ya mti mkubwa wenye mizizi ya juujuu, utanyang'anywa maji mpaka ncha ziwe kahawia, nawe utalaumu kivuli bure. Mahali pazuri zaidi ni penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, pasipo na upepo mkavu. Kwenye giza kubwa utaishi, lakini utakua polepole zaidi na matawi yataachana.

Kabla ya kupanda, jaribu udongo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama maji bado yapo kesho yake, usipande hapo. Udongo uwe wenye tindikali kidogo na mboji ya kutosha.

Shimo lenyewe liwe na upana mara mbili ya bonge la mizizi, na kina kisizidi bonge hilo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachimba kina kirefu, wanarudishia udongo laini, mti unadidimia na shingo ya mzizi, yaani pale shina linapokutana na mizizi, inafukiwa. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu ichambue kwa vidole, iliyokakamaa ikate. Mwagilia lita 15 hivi siku ya kupanda, kisha tandaza magome au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina. Mbolea ya chumvichumvi shimoni? Hapana, inaunguza mizizi michanga.

Miaka 2 ya mwanzo, ingiza kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Kuoza kwa mizizi kunadanganya: majani yanafifia kama yana kiu, kumbe chini kumelowa chepechepe. Ukiongeza maji, umeumaliza.

Kupogoa, mkono mwepesi. Kata pale penye kijani tu. Ukiingia kwenye sehemu kavu ya ndani isiyo na majani, hapachipui tena na tundu litabaki. Kwa hiyo kama unataka uzio wa miti wa kukatwa kila mara, huu si mti wako, tena hukua taratibu mno.

Aina ya 'Nana' ni fupi na inafaa chungu. 'Variegata' ina vijitawi vyenye madoa ya rangi ya krimu. Inapendeza, lakini sehemu hizo nyeupe huungua juani, na mimi singelipia zaidi kwa ajili yake.

Kuzalisha ni rahisi kuliko unavyodhani. Laza tawi la chini, kwaruza gome upande wa chini, libane kwa waya na ulifunike kwa udongo sentimita 5. Weka unyevu, subiri mwaka au zaidi, halafu livute kidogo. Likikataa kung'oka, limeshika mizizi: likate kutoka kwa mama yake.