Simbilisi na mbwa nyumba moja: kizimba juu ya meza au chumba cha peke yake?

Kizimba juu ya meza kina raha yake: simbilisi anabaki sebuleni, watoto wanamlisha majani. Lakini mbwa mkubwa akisimama kwa miguu ya nyuma anakifikia, na kikianguka, wavu hausaidii kitu. Hata asipokigusa, kushinda hapo akinusa na kukodoa macho kunamtisha simbilisi. Utamkuta ameganda pembeni, nyasi hazijaguswa. Na simbilisi asipokula ni hatari, maana tumbo lake linahitaji kusaga chakula karibu muda wote.

Mimi nachagua chumba, hasa kama mbwa ni teria, jamii iliyozalishwa kuwinda panya. Tatizo ni sisi watu: mlango ukisahaulika mara moja tu, kwisha habari. Komeo liwekwe juu, mtoto asilifikie.