Eleanor wa njano na Eleanor wa kijivu

Filamu za wizi wa magari zinazoitwa Gone in 60 Seconds zipo mbili. Ile ya 1974, H. B. Halicki aliiandika, akaiongoza, akaigiza na kushika usukani mwenyewe. Orodha ya wizi ina magari 48. Ya 2000 ina Nicolas Cage, magari 50 na pesa za Hollywood.

Kwa makosa, ya zamani haina aibu. Mustang ya njano inayoitwa Eleanor tunaambiwa ni ya 1973, kumbe ni ya 1971 iliyovalishwa grili mpya. Lakini kufukuzana kwa kama dakika 40 kunalibonda gari kwelikweli. Pale linapoivaa nguzo ya taa, ile ilikuwa ajali halisi, Halicki akaiacha humo humo. Mruko wa mwisho ukamuumiza uti wa mgongo.

Eleanor wa filamu ya 2000, Mustang Shelby GT500 ya kijivu, inaruka msongamano darajani kwa msaada wa kompyuta, inatua, inaondoka kama imepita tuta la mtaani. Springi hata hazilalamiki! Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko grili. Kwa sura, sikatai, huyu wa kijivu ndiye mrembo. Ila nikitaka kurudia filamu usiku, naweka ya njano.