Vitz nyumodo: F, Jewela, U au RS, na gia ipi?

Naendesha Toyota Vitz nyumodo, ile iliyotoka Japani mwisho wa 2010. Yangu ni injini 1.3, toleo la F, ya kawaida kabisa haina mbwembwe, na kwa hela ya watu wengi nasema hiyo ndo ya kuchukua. Tatizo watu wakifika yadi wanazunguka nyuma kusoma jina la toleo kwenye buti, Jewela sijui U sijui RS, boneti hawafungui.

Fungua boneti mkuu. Tafuta kibati chenye namba ya modo, usipokiona humo angalia nguzo ya mlango. Ikianza KSP130 hiyo ni 1.0 ya piston tatu, NSP130 ni 1.3, NCP131 ni 1.5. Dalali atakuapia mpaka kwa mama yake kwamba ni 1.3 lakini kibati hakina undugu na mtu, na hata kwenye kadi chesisi namba inaanza hivyohivyo. Halafu hapohapo kwenye kibati, baada ya kistari hesabu herufi ya tatu, X ni CVT, yaani oto isiyo na hatua za gia, na M ni manyuo, ndo maana RS ya manyuo inasomeka NCP131-AHMVK. Anayeagiza mwenyewe aombe picha ya hicho kibati kabla hajatuma hela.

1.0 zimejaa mjini kwa sababu ya ushuru. Injini isiyozidi 1000cc ushuru wa bidhaa unaoangalia ukubwa wa injini ni sifuri, ikizidi hapo mpaka 2000cc ni asilimia 5, na VAT inakuja kukaa juu ya hiyo nayo, ingia kikokotoo cha TRA ucheze nacho utaona. Kwa mtu wa Dar anayeenda kazini peke yake 1.0 inatosha sana, wese inanusa tu, ukisimama kwenye mataa utasikia inatetemeka kidogo ila huo si ugonjwa, piston tatu ndo zilivyo. Lakini jaza watu wanne na mabegi, washa AC, panda mlima Kitonga, italia kama mashine ya kusaga na mwendo huuoni, ukitaka kuovateki lori unaanza kuomba dua. Farasi 69 dhidi ya 95 za 1.3 hapo ndo unazielewa.

Kuhusu CVT, maneno ya "hizo gia zinakufa" nayasikia kila siku, na nyingi zinauawa na mafundi wetu wanaomimina haidroliki ya kawaida. Hii inataka CVT Fluid FE, nunua mwenyewe upeleke gereji na usimame hapohapo wakati anaweka. Ukienda kuikagua gari fika ikiwa haijawashwa, iwashe, tia D, ikichelewa kushika au ikashtuka kwa nguvu rudisha funguo. Kisha endesha taratibu kama spidi 20 mpaka 40 bila kukanyaga sana, ikiwa inatikisika tikisika achana nayo. Ile kelele ya injini kupanda juu ikabaki hapohapo huku gari inavuta taratibu ndo tabia yake, usiogope.

Kuna zile ambazo injini inajizima yenyewe ukisimama kwenye foleni. Kwa foleni ya Ubungo saa nane mchana mimi hapana, injini ikizima compressor ya AC nayo inalala, baada ya muda ni joto tu, na betri yake ni ya aina yake, bei iko juu kuliko ya kawaida. Kuna batani ya kuizuia, ila kila ukiwasha gari unabonyeza upya.

RS ya manyuo ni tamu jamani, sibishi, 1.5 na gia tano kwenye gari nyepesi vile, barabara ya Morogoro usiku utacheka peke yako. Ila ina rim 16 na imekaa chini, matuta ya mtaani yataijua bampa, na siku ya kuiuza kila anayekuja anauliza "oto?" halafu anaondoka. Chukua kama unaipenda na una mpango wa kukaa nayo.

U ikiwa 1.3 na bei haijapaa sana, sawa, AC ya kujiseti ina raha yake. Jewela 1.0 na F 1.3 zikiwa bei moja chukua F, urembo wa Jewela utajiwekea mwenyewe, vioo tia tinti, siti nenda Kariakoo kavishe unavyotaka.