Darasa la maandalizi ya usaili wa hoteli, Michenzani: mafunzo ya kujibu maswali ya huduma kwa wateja

Wanaoomba kazi katika hoteli za Unguja, kuanzia Nungwi na Kendwa hadi Paje na Jambiani, huulizwa maswali yanayofanana kuhusu huduma kwa wateja, na wengi wao hukosa kazi kwa majawabu yanayofanana. Nimekaa upande wa wasaili katika pwani ya mashariki kwa muda wa kutosha kujua kwamba jawabu linalosikika kuliko yote ni kuwa mteja ni mfalme na kwamba siku zote yuko sahihi. Anayelitoa huwa na nia njema, lakini halimwelezi msaili chochote kuhusu mtu aliyekaa mbele yake. Kwa hiyo nilipompeleka mdogo wangu katika darasa fupi linaloendeshwa na kituo kimoja cha Michenzani, niliomba ruhusa ya kukaa nyuma na kusikiliza mpaka mwisho.

Darasa ni la wiki mbili, jioni baada ya sala ya Alasiri, na ada yake ni shilingi 60,000 pamoja na vijitabu. Chumba ni kidogo na chenye joto, ila wanafunzi hawazidi kumi na watano, jambo linalompa kila mmoja nafasi ya kusailiwa mbele ya wenzake zaidi ya mara moja. Mwalimu amewahi kusimamia mapokezi, na hilo linaonekana katika kila swali analouliza.

Sehemu kubwa ya mafunzo imejengwa juu ya mbinu ijulikanayo kwa herufi STAR, iliyoenea kutoka kwa wataalamu wa ajira wa Marekani tangu miaka ya 1970. Msailiwa anaeleza hali ilivyokuwa, jukumu alilokuwa nalo, hatua alizozichukua na matokeo yake. Mbinu yenyewe inapatikana popote. Thamani ya darasa hili ni jinsi mwalimu anavyomlazimisha mwanafunzi kutafuta tukio la kweli katika maisha yake. Binti mmoja aliyekuwa akiuza duka la nguo Darajani alisema kwamba hana uzoefu wowote wa huduma kwa wateja. Alipobanwa, alikumbuka mama aliyerudisha doti ya kanga yenye doa la rangi, ilhali alikuwa ameshaikata na kuipinda, na mwenye duka hakuwepo. Binti alifungua kanga nyingine za robota lile lile, akakuta doa kama hilo katika doti kadhaa, akampigia simu mwenye duka kumweleza kwamba kasoro imetoka kiwandani, kisha akambadilishia mama yule na kuziondoa rafuni zile zilizobaki. Mara ya kwanza aliisimulia hadithi hiyo kwa muda mrefu, karibu yote ikiwa ni maneno ya mteja na hasira zake. Mwalimu alimtaka aipe hali na jukumu sentensi mbili tu, na muda uliobaki autumie kueleza kwa nini alifungua kanga nyingine kabla ya kupiga simu. Aliporudia, nilijiambia kwamba huyu ningemwajiri, kwa kuwa alionyesha kuwa anachunguza kabla ya kuamua na kwamba anamfikiria hata mteja ambaye bado hajaja.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo vijitabu vya kigeni haviligusi. Vijana wetu wamelelewa kutojisifu, na msailiwa mwenye adabu husema kuwa walifanya pamoja hata pale alipokuwa peke yake dukani. Msaili anayesikia hivyo, hasa akiwa mgeni wa visiwa hivi, hudhani kuwa kazi ilifanywa na mwengine. Mwalimu hakuwataka wabadili tabia zao. Aliwafundisha kutaja kwanza waliowasaidia, kisha kueleza bila kupamba sehemu waliyoifanya wao wenyewe. Nimeona watu wazuri wengi wakiikosa kazi kwa sababu hiyo, na nimefurahi sana kuona inafundishwa kwa heshima.

Somo lililonivutia zaidi lilihusu lalamiko ambalo kila hoteli ya Paje na Jambiani inalijua: mgeni amelipia chumba kinachotazama bahari, anaamka asubuhi, bahari haipo. Wanafunzi wengi walikimbilia kuomba radhi mara tatu na kuahidi kumwita meneja. Mwalimu akawauliza ni nini hasa wanachokiombea radhi, na meneja atafanya nini na maji yaliyokupwa. Jawabu walilolijenga pamoja lilikuwa bora kuliko mengi niliyoyasikia katika usaili halisi: kumsikiliza mgeni mpaka amalize, kumweleza kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku na kwamba yatarudi baada ya saa chache, kumpa saa za kujaa za siku zote za makaazi yake zikiwa zimeandikwa, na kumshauri atembee hadi kwenye miamba wakati wa kupwa akiwa na viatu vya kujikinga na miba ya majini. Mtoto wa mvuvi kutoka Makunduchi aliongeza kwamba siku za bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huenda mbali zaidi, hivyo mgeni aelezwe mapema, siku anapofika. Ujuzi huo vijana wa pwani wanao tangu utotoni, na ni vyema wakajua kwamba unahesabika mezani mwa msaili.

Lalamiko la bima nalo lilijadiliwa vizuri. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya nchi analazimika kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, hata kama ana bima ya kwao, na baadhi yao hufika mapokezi wakiwa wamekasirika. Mhudumu hawezi kuiondoa. Darasa lilifundisha kukiri usumbufu bila kuisema vibaya Serikali, kueleza kwa utulivu bima ile inagharamia nini, kisha kugeukia lile lililo mikononi mwa mhudumu, yaani chumba kuwa tayari na mgeni kupumzika.

Palipo na kasoro kubwa ni katika suala la mamlaka. Mwalimu alitoa mfano wa hoteli za Ritz-Carlton, ambazo zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja ili kutatua tatizo bila kuomba idhini. Mfano ni wa kweli, lakini wanafunzi waliachwa nao hivyo hivyo, na katika mazoezi yaliyofuata karibu kila mmoja alikuwa akimpa mgeni chakula cha bure au usiku wa ziada. Hoteli nyingi za hapa hazimpi mhudumu mpya uwezo huo, na msaili anayesikia ahadi kama hizo huanza kuhesabu hasara. Jawabu salama ni kueleza utakachokifanya mara moja kwa uwezo wako, utakachokipeleka kwa msimamizi, na lini utarudi kwa mgeni kumpa taarifa. Jambo hili lilistahili jioni nzima.

Kiingereza nacho kimepewa muda mdogo mno. Kufikiri kwa Kiswahili kwanza ni uamuzi ninaouunga mkono, lakini usaili wa mapokezi hufanyika kwa Kiingereza, na binti wa kanga alikwama alipotakiwa kukisimulia kisa chake kwa lugha hiyo. Vilevile hakukuwa na zoezi la maswali ambayo msailiwa anaweza kuyauliza mwishoni, kama vile usafiri wa zamu ya usiku na mgawanyo wa malipo ya huduma.

Kwa anayetafuta kazi ya mapokezi, mkahawa au usafi wa vyumba kwa mara ya kwanza, ada hiyo inalipa, mradi atafute mtu wa kufanya naye mazoezi ya Kiingereza pembeni. Aliyekwisha fanya kazi ya usimamizi hatapata jipya kubwa. Wanaotoka Pemba wapange malazi mapema, kwani kituo hakina. Na kwa kuwa hoteli nyingi huajiri wakati wa masika ili ziwe tayari kwa msimu unaoanza mwezi wa Juni, anayetaka kuwahi ajiandikishe Machi.