Nyumba nzuri Milimani, ila ufunguo wa maji uko shingoni mwa mtu

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini leo asubuhi maji yamekatika tena nikiwa na povu kichwani, kwa hivyo wacha niseme.

Ninapanga Milimani, Nakuru, katika moja ya zile nyumba kuukuu za walowezi. Vigae vyekundu, kuta nene, dari juu kama ya kanisa, jakaranda karibu na geti. Mwenye nyumba wa sasa ameikata vipande vinne kwa mbao nyembamba. Mimi nikapata sebule na meko yake ya ukutani, jirani akapata jikoni. Akisonga ugali nasikia mwiko. Nilikubali kwa sababu nasoma jioni na kampasi naifikia kwa miguu, sina haja ya kubembelezana na bodaboda saa tatu usiku.

Tatizo ni keateka, yaani msimamizi wa nyumba. Mzee anayekaa kile chumba cha nyuma walichokuwa wakilazwa watumishi. Bomba la tangi lina valvu, valvu imo ndani ya kisanduku cha chuma, kisanduku kina kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Akiamka vizuri, tunaoga.

Siku ya kuwasilisha pendekezo langu la utafiti, sikumbuki tarehe ila mvua ndefu zilikuwa zimeanza, bomba lilikohoa likanyamaza. Nikatoka nimejifunga leso, sabuni ikinichoma macho, nikabisha kwake. Alikuwa anakunywa chai.

"Mzee, naomba unisaidie, nimechelewa."

Akanitazama kutoka nyayo hadi povu. Akapuliza kikombe. "Madam, hata yule mzungu wa hii nyumba alikuwa anaoga Jumamosi."

Kisha akapuliza tena! Nilikuja kupiga hesabu baadaye: walowezi wengi walifungasha karibu na uhuru, 1963, na mzee huyu hajafika sitini. Huyo mzungu alimwona wapi akioga?

Nilijisuuza kwa maji ya kunywa, mtungi wa lita 20 ninaonunua kwa kuwa kisima chetu kina floraidi, na watu wa Nakuru mnajua meno ya kahawia hutoka wapi. Nikampigia mwenye nyumba. Akasema, "Ongea na mzee." Rafiki yangu akanishauri niende mahakama ya kodi za nyumba. Nikaisoma sheria yenyewe, Sura ya 296: inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Sh2,500! Milimani hii hata banda la kuku hulipati.

Tangu siku hiyo hata nilivyovipenda vinanikera. Sakafu ya mbao inalia usiku kucha. Dari ya kanisa inameza joto lote. Maua ya jakaranda, ambayo kila mgeni huyapiga picha, yakilowa yanateleza kama bamia. Yalishawahi kuniangusha na vitabu vyangu.

Ila ngoja, nisimsingizie mtu. Julai moja, ile baridi ya kuuma masikio, nilirudi kutoka darasani nikakuta kuni mlangoni. Zimepasuliwa fupifupi, saizi kamili ya meko yangu, na kufunikwa gunia zisipate umande. Asubuhi nikamshukuru. Akasema mti ulianguka. Nilizunguka boma zima, nyuma na mbele. Hakuna mti ulioanguka.

Sasa mtu kama huyo unampa nyota ngapi? Niliandika mbili, nikafuta, nikaandika tatu nikikumbuka moto ule. Leo, na nywele zimekauka kwa sabuni, narudi kwenye moja. Kuhama sihami, kodi ya mwezi huu nimeshalipa.

Jirani wa jikoni anatoka mwisho wa mwezi. Ukija kuangalia, njoo saa kumi na mbili asubuhi, fungua bomba la bafu uhesabu hadi mia. Na usimwambie mzee ni mimi niliyekutuma.