Mashine ya kwanza ya CNC ya kujiundia: chaguo nne, kuanzia ninayoipenda zaidi

Mtu akiniuliza aanze na mashine gani ya CNC, yaani ya kukata na kuchonga inayoongozwa na kompyuta, nami humuuliza anataka kukata nini. Kuchonga majina kwenye vibao vya mninga, kukata milango ya kabati, kuchonga bodi za saketi, kukata alumini: mashine moja ya bei ya mwanzo haiwezi kuyafanya yote hayo vizuri. Wengi hutazama kwanza ukubwa wa meza. Mimi hutazama kunesa. Shika pale mota ya kukatia inapofungwa, ibonyeze kwa kidole gumba kama unavyobonyeza embe kujua limeiva. Ikisogea hata kidogo, biti, yaani kisu kinachozunguka, nayo itasogea ikikutana na ubao mgumu, na ukingo wa kazi yako utatoka na mawimbi.

1. Seti ya 3018, fremu ya alumini tupu

Jina lake ni vipimo vyake: eneo la kazi la milimita 300 kwa 180. Huja na mota za stepa (huzunguka kwa hatua ndogo ndogo) za ukubwa wa NEMA 17, skrubu za kusogezea za T8, mota ya kukatia ya 775 inayotumia volti 24, na bodi iliyokwisha kuwekewa GRBL, programu inayoziamuru mota. Nyingi huuzwa kati ya dola 150 na 300, kabla ya usafiri na ushuru. Kuifunga ni kazi ya jioni mbili kwa mtu asiye na haraka.

Ninaiweka ya kwanza ingawa ni ndogo, kwa sababu kila jambo la CNC limo humo, na kosa lake ni la bei nafuu. Chukua hesabu hii. Mota ya stepa hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na dereva, saketi inayoiendesha, huigawa kila hatua mara 16. Skrubu yake husogeza kichwa au meza milimita 4 kwa mzunguko. Kwa hiyo 200 mara 16, gawanya kwa 4, unapata hatua 800 kwa milimita, na ndiyo namba utakayoikuta kwenye mpangilio wa GRBL uitwao $100 (si dola; ni hatua za mhimili wa X). Iamuru isogee milimita 100, kisha pima kwa kalipa. Siku utakayoielewa namba hiyo, hakuna mashine kubwa itakayokutisha.

Jambo jingine utakalolijua kwa mkono ni kutafuta sifuri ya Z, mhimili wa juu na chini. Weka kipande cha karatasi ya kawaida juu ya ubao, shusha biti kidogo kidogo huku ukiivuta karatasi mbele na nyuma. Itafika mahali karatasi inaanza kukwama. Hapo biti iko takriban sehemu ya kumi ya milimita juu ya ubao. Karatasi hiyo imenifaa kuliko vifaa vingi nilivyonunua.

Wakati wa kununua, epuka zile zenye vibao vya bakelaiti kwenye pembe. Tafuta zenye vibao vya alumini na swichi za mwisho kwenye kila mhimili. Kwenye mbao ngumu kama mninga, usizidishe nusu milimita ya kina kwa kila pito. Usilipie programu ya kuiendesha. GRBL, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, ni ya bure, na Universal Gcode Sender, ya kuituma kazi kutoka kwenye kompyuta, pia ni ya bure.

2. PrintNC, ya bomba za chuma

Hii ndiyo ningemshauri mwenye karakana, au mwenye rafiki fundi chuma. Michoro yake ni ya wazi. Fremu ni ya bomba za chuma za mstatili, na hizo hatuagizi China: mafundi wa Gerezani, Dar, au Kamukunji, Nairobi, wanazikata kila siku. Utakachoagiza ni reli za HGR20, skrubu za gololi za 1610, na mota za NEMA 23.

Jambo moja mafundi wetu watalipinga: bomba hufungwa kwa bolti, hazichomelewi. Wana haki kushangaa, maana kuchomelea ndiyo kazi yao. Lakini moto wa kuchomelea huvuta chuma kikipoa, na fremu iliyovutwa milimita moja haitakaa mraba tena, wakati bolti unaweza kuzilegeza, ukapima pembe kwa pembe, ukakaza upya. Kaa na fundi siku ya kutoboa matundu. Usimwachie karatasi ukaondoka.

Ikikamilika hugharimu zaidi ya dola 1,000, na vipande vya kuunganishia huchapwa kwa printa ya 3D. Inakata alumini bila kulalamika. Ningeiweka ya kwanza kama si bei, na kama si kwamba anayeanza atalipia makosa yake kwa vipuri vya ghali.

3. MPCNC

Kirefu chake ni Mostly Printed CNC. Ni ya Ryan Zellars, imeundwa kwa bomba za mviringo na vipande vya plastiki vilivyochapwa. Inafaa tu kama printa ya 3D unayo tayari. Pima bomba lako kwa kalipa kabla ya kuchapa chochote, kwani vipande vya bomba la milimita 25 na vya 25.4 si sawa. Jenga ndogo, kadiri bomba linavyorefuka ndivyo linavyonesa.

4. Fremu ya MDF na reli za droo

MDF ni ubao wa unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi. Ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo niliyoanza nayo. Ilikata vizuri mwezi wa kwanza. Masika yalipoingia hapa Dar, MDF ikanywa unyevu, ikavimba kwenye kingo palipokuwa na skrubu, na mhimili wa Y ukaanza kukwama katikati ya safari. Reli za droo nazo zilikuwa zimelegea tangu siku ya kwanza. Anayeishi pwani asipoteze pesa yake hapa.

Umeme, kabla hujalipa

Soma kibandiko cha mota ya kukatia: zinazoletwa kutoka Marekani mara nyingi ni za volti 120, na soketi zetu ni 230.

La pili linahusu kukatika kwa umeme. Mota ya stepa haijui iko wapi. Umeme ukikatika, mashine inasahau nafasi yake. Ndiyo maana nimesisitiza swichi za mwisho. Umeme ukirudi, inua biti kwanza, kisha ipe amri ya $H. Mashine itakwenda kugusa swichi na kujipata upya, na sifuri ya kazi uliyoihifadhi kwa G54 (nafasi ya kuhifadhia sifuri) bado iko kwenye kumbukumbu. Bila swichi, ubao uliokatwa nusu unakuwa kuni.

Bajeti ibakize pesa ya biti kumi za kuanzia zenye shina la milimita 3.175, miwani, na barakoa ya vumbi inayobana vizuri usoni. Vumbi la MDF ni laini sana, na gundi yake ina formaldehaidi. Usikate hata kipande kimoja kabla barakoa hiyo haijafika.