Britannia, bima ya benye meli: nyota ine juu ya tano

Sisi batu ba transi ku Goma, mizigo yetu inapitiaka Mombasa ao Dar es Salaam, na meli zenye kuileta karibu zote ziko na klabu ya bima. Mimi nafatilia sana Britannia ya Uingereza, ilianza mu 1855, na naandika hii juu batu banachaguaka asiransi kwa kuangalia bei tu.

Hapa benye meli njo benye klabu, banachanga na banalipiana, kama kese ya sosiale mu AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwaka wao unaanzaka tarehe 20 mwezi wa pili. Basi mu 2024, hata mwezi mbili haiyaisha, tarehe 26 mwezi wa tatu, meli Dali inakosa umeme usiku, inagonga daraja ya Baltimore kule Marekani, daraja inaanguka mu maji na batu sita ba kazi banakufa. Dali iko ya Britannia. Unafikiri klabu imeisha? Hapana, mwaka ule ku kila aksida ilikuwa inabeba yenyewe dola milioni 10 ya kwanza, kutoka pale mpaka milioni 100 klabu 12 za International Group, umoja wa klabu kama hizi, zilikuwa zinagawana, na juu yake kulikuwa bima ingine mpaka bilioni 3,1. Njo maana ukisoma ripoti yao ya mwaka usikimbilie aksida ya ku televisheni, tafuta zile ndogo-ndogo zenye klabu inalipa peke yake, baharia mgonjwa, mizigo imelowa, ukuta wa bandari umegongwa. Madai na gharama zikipita michango, banakula akiba.

Nyota moja nimetoa juu mu mwaka mubaya banaweza kuomba benye meli baongeze mchango. Na mwenye mzigo ujue: hii inalipa deni ya mwenye meli, bima ya mzigo wako utaitafuta pembeni.

Kitu napenda kabisa ni vile banakagua meli, mubaya banaikatala, juu aksida ya moja inalipwa na bote. Mwaka ule ule wa 2024, tarehe 3 mwezi wa kumi, boti ya kutoka Minova ilizama hapa Kituku, bandari ya Goma ku ziwa Kivu, imejaa kupita kipimo, imeshakaribia kufika, batu bako ku bandari banaangalia. Benye maboti ba Kivu, Goma na Bukavu, mukuwe na kese kama hii, na mwenye anajaza kupita kipimo mumutoe nyinyi wenyewe, musingojee serikali.